Asiye na Nyumba Pia Ni Mkazi: Namna ya Kumfikisha Katika Mipango ya Kaunti

Maduka yakishafungwa usiku, mama mmoja hutandika katoni barazani mwa duka karibu na steji ya matatu, kisha akawalaza watoto wake wawili. Alfajiri, kabla mwenye duka hajafika, huwa ameshakunja katoni zake na kuondoka. Mchana hutafuta vibarua sokoni: kuosha vyombo kwenye vibanda vya chakula, kubeba mizigo, kuchambua mboga. Mama wa namna hii anapatikana karibu katika kila mji mkubwa wa Kenya.

Tangazo la mkutano wa bajeti likibandikwa katika ofisi ya wadi au likichapishwa gazetini, halimfikii. Siku ya mkutano hayupo. Ripoti inayoandikwa baadaye inataja barabara, maji, taa za mitaani na soko. Yeye hatajwi popote, na jambo lisilotajwa katika mipango ya kaunti haliwezi kutengewa pesa.

Somo hili linaeleza haki za mkazi asiye na makao, kazi ya kaunti kwake, na nyakati katika mwaka ambapo wakazi wenzake wanaweza kumfikisha katika mipango na bajeti.

Mkazi ni nani?

Ibara ya 1 ya Katiba ya 2010 inasema mamlaka yote kuu ni ya wananchi wa Kenya. Haitaji mwenye ploti, mlipa kodi ya nyumba au mwenye anwani ya posta. Ibara ya 28 inalinda utu wa kila mtu. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya makao bora yanayofikika, usafi wa kiwango kinachofaa, matibabu, maji safi na kutokuwa na njaa. Ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya lishe, makao na huduma ya afya.

Haki ya makao haina maana kwamba serikali itamkabidhi kila mtu ufunguo wa nyumba kesho. Ibara ya 21 inaitaka serikali ichukue hatua za kuitimiza haki hiyo kadiri muda unavyosonga, na inavitaka vyombo vyote vya serikali vishughulikie mahitaji ya makundi yaliyo katika hatari. Serikali ikisema haina pesa, Ibara ya 20 inaweka mzigo wa kuthibitisha hivyo juu ya serikali yenyewe. Mkazi hatakiwi kuthibitisha kwamba pesa zipo. Anachoweza kuuliza ni hatua gani imechukuliwa mwaka huu.

Idadi ya wanaohusika si ndogo. Hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani iliyofanywa mwaka wa 2018 ilipata watu 46,639 katika kaunti zote. Nairobi ilikuwa na 15,337, na Mombasa 7,529. Hao ni wale waliokuwa wakiishi mitaani tu. Waliobomolewa nyumba, waliohamishwa na mafuriko na wanaolala kwa jamaa kwa kubanana wako nje ya hesabu hiyo.

Mgao sawa na mgao wa haki

Ibara ya 10 inataja usawa na haki ya kijamii miongoni mwa maadili ya taifa. Maneno haya mawili hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja, lakini katika bajeti yanaweza kuleta matokeo tofauti.

Ichukuliwe kwamba kaunti yenye wadi 20 imetenga shilingi milioni 20 za kujenga vyoo vya umma. Mgao sawa ungempa kila mwakilishi wadi milioni moja. Lakini katika wadi nyingi za mashambani kila boma lina choo chake, ilhali wadi yenye soko kuu na steji ina mamia ya watu wasio na choo chochote usiku kucha. Mgao wa haki huangalia upungufu uko wapi kabla ya kugawa. Wadi ya mjini inaweza kupata vyoo vingi zaidi, na wadi ya mashambani ikapata zaidi katika mradi mwingine ambao yenyewe imepungukiwa, kama vile visima.

Mji wa Porto Alegre nchini Brazil ulianza kupanga bajeti pamoja na wakazi mwaka wa 1989. Mji uligawanywa katika maeneo 16. Wakazi wa kila eneo walikutana, wakataja mahitaji yao kwa mpangilio na kuchagua wajumbe wa kufuatilia. Pesa ziligawanywa kwa kuzingatia mambo matatu: idadi ya watu, kiwango cha upungufu wa huduma na chaguo la wakazi wenyewe. Eneo lenye upungufu mkubwa lilipata alama nyingi zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 takriban asilimia 80 ya nyumba za mji huo zilikuwa na maji. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa takriban asilimia 98. Mitaa ya walala hoi, iliyokuwa ikiachwa nyuma kila mwaka, ndiyo iliyonufaika zaidi.

Kwa hiyo mkazi anapohudhuria mkutano wa bajeti, swali la kwanza la kuuliza ni hili: mgao huu umefuata kipimo gani?

Kazi ya kaunti na kazi ya serikali ya kitaifa

Wakazi wengi hupeleka ombi lao katika ofisi isiyohusika, wakarudishwa, wakakata tamaa. Jedwali la Nne la Katiba linagawanya kazi.

Kaunti inasimamia huduma za afya za kaunti, mipango ya miji na nyumba, masoko, elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji na vituo vya malezi ya watoto. Pia ina jukumu la kuhakikisha kwamba jamii zinashiriki katika uongozi mashinani. Serikali ya kitaifa inasimamia polisi, vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, Idara ya Huduma za Watoto na mpango wa Inua Jamii. Hazina ya kitaifa ya urekebishaji wa familia za mitaani, iliyoanzishwa mwaka wa 2003, pia iko upande wa serikali ya kitaifa.

Yule mama wa barazani anahitaji pande zote mbili. Akitaka kupeleka mtoto wake chekechea au kliniki, hiyo ni kazi ya kaunti. Akitaka kitambulisho, hiyo ni kazi ya serikali ya kitaifa. Bila kitambulisho hawezi kupiga kura, kufungua akaunti wala kuandikishwa katika misaada mingi. Ndiyo maana mpango mzuri wa kaunti huwa na mtu wa kuziunganisha ofisi hizi, ili asiye na nauli asitumwe kutoka dirisha moja hadi jingine.

Kalenda ya bajeti

Kifungu cha 104 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinakataza pesa za umma kutengwa nje ya mipango iliyoidhinishwa na bunge la kaunti. Kwa sababu hiyo, ombi zuri likifika kwa kuchelewa hugonga mwamba hata kama kila kiongozi analikubali. Tarehe zifuatazo zimewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, na ni zile zile kila mwaka.

Kufikia 30 Agosti: Hazina ya Kaunti hutoa waraka wa kuanzisha utayarishaji wa bajeti. Waraka huo hueleza ratiba na namna umma utakavyoshirikishwa.

Kufikia 1 Septemba: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti. Hapa ndipo miradi ya mwaka ujao wa fedha hutajwa. Ombi la kituo cha kulala usiku, vyoo au kituo cha malezi linafaa kufika mapema, Julai au Agosti.

Kufikia 28 Februari: Taarifa ya Mkakati wa Fedha huwasilishwa. Huweka kiwango cha juu cha pesa kwa kila idara. Sheria inaitaka Hazina ya Kaunti itafute maoni ya umma inapoitayarisha.

Kufikia 30 Aprili: makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni. Mei ni mwezi wa kamati ya bajeti kusikiliza maoni ya wakazi.

Kufikia 30 Juni: bajeti huidhinishwa, na mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai.

Juu ya haya yote kuna Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti, ambao ni wa miaka mitano. Ule unaohusu 2023 hadi 2027 utafuatwa na mwingine. Kundi lisilotajwa katika mpango wa miaka mitano huwa na kazi ngumu ya kujipenyeza kila mwaka, kwa hiyo mikutano ya kuutayarisha mpango mpya ni ya kuhudhuriwa bila kukosa.

Sheria hiyo hiyo inaunda Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, linaloongozwa na gavana. Ndani yake kuna wawakilishi wa wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya kidini. Familia za mitaani hazimo kwa jina. Sauti yao inaweza kufika kupitia wawakilishi hao, hasa wa wanawake, wa watu wenye ulemavu na wa kidini, ikiwa wakazi watawapelekea taarifa mapema.

Mkutano usiomwacha mtu nje

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mkutano unaofanyika hotelini saa nne asubuhi siku ya kazi huwavutia wenye nafasi. Kibarua akiuhudhuria, siku hiyo amelala njaa.

Mahakama zimeonya kuhusu mikutano ya kutimiza desturi tu. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Mwaka wa 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyohusu kanuni za tumbaku, ilieleza kwamba kushirikisha umma lazima kuwe kwa kweli: watu wapewe taarifa zinazoeleweka, wapate nafasi ya kutosha, na maoni yao yazingatiwe.

Kaunti ya Makueni imejaribu njia ya kuanzia chini. Mikutano huanza vijijini, ikapanda hadi kwenye makundi ya vijiji, wadi ndogo, wadi, kaunti ndogo na mwisho kaunti nzima. Kila ngazi huchagua kamati ya maendeleo inayobeba maoni kwenda juu na kurudisha majibu chini. Mtu asiyeweza kusafiri hadi makao makuu husikika akiwa kwao.

Kwa wasio na makao, njia hiyo ina maana ya kuwafuata waliko. Afisa wa wadi anaweza kufanya kikao kifupi jioni karibu na soko au steji. Maoni yanaweza kutolewa kwa mdomo na kuandikwa na afisa. Makanisa, misikiti na vikundi vinavyogawa chakula vinajua watu hao hukusanyika wapi na saa ngapi. Anayetoa maoni katika mkutano wa umma hahitaji hati ya nyumba. Akidaiwa hati hiyo, waandalizi wanafaa kukumbushwa Ibara ya 1.

Kuzuia watu wasikose makao

Msaada wa gharama ndogo kuliko wote ni kumzuia mtu asifike mitaani. Watu wengi huishia huko baada ya nyumba zao kubomolewa.

Mnamo Novemba 2011 kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi, kilibomolewa na maelfu ya watu wakaachwa bila makao. Notisi waliyopewa ilikuwa ya siku saba. Kesi yao, inayojulikana kama Mitu-Bell, ilidumu karibu miaka kumi hadi Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi Januari 2021. Mahakama ilisema kwamba wanaoishi kwenye ardhi ya umma wanaweza kwenda kortini kudai ulinzi wa haki yao ya makao, na kwamba mahakama zinaweza kutoa amri na kuendelea kusimamia utekelezaji wake.

Kabla ya uamuzi huo, mwaka wa 2016, Sheria ya Ardhi ilikuwa tayari imebadilishwa. Sasa notisi ya kuondoa watu ni lazima iwe ya angalau miezi mitatu. Kwa ardhi ya umma, notisi huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na gazeti la kitaifa, na kutangazwa redioni. Maafisa wanaosimamia ubomoaji wanapaswa kujitambulisha, kuheshimu utu wa watu, kuwalinda watoto, wazee na wenye ulemavu, na kuwapa wakazi nafasi ya kwanza ya kubomoa wenyewe na kuokoa mali yao. Aliyepewa notisi anaweza kwenda kortini kabla muda haujaisha.

Mtaa wa Mukuru jijini Nairobi unaonyesha upande mwingine. Mwaka wa 2017 serikali ya kaunti iliutangaza kuwa eneo maalum la upangaji, likijumuisha Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Eneo hilo lina takriban kaya 100,000. Wakazi walijipanga katika makundi ya kaya kumi kumi, makundi hayo yakaungana katika ngazi za juu, na kila ngazi ikakaa na wataalamu wa maji, afya, elimu, nyumba, ardhi na fedha. Baadaye barabara na hospitali zilijengwa ndani ya mtaa. Hata hivyo, mwishoni mwa 2021 sehemu ya Mukuru kwa Njenga ilibomolewa kupisha barabara, na maelfu ya familia zikajikuta kwenye mahema. Mpango uliotayarishwa na wakazi huwalinda pale tu ambapo kila ofisi, ya kaunti na ya kitaifa, imeufuata.

Msaada unaodumu

Mara nyingi watu wa mitaani hukamatwa kabla ya sherehe kubwa, kisha wakarudi baada ya siku chache. Kenya ilifuta Sheria ya Uzururaji mwaka wa 1997. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za kumwadhibu mtu kwa kuzurura au kukosa makao zinakiuka Mkataba wa Afrika wa haki hizo. Umaskini haupaswi kuwa kosa la jinai. Wala kuwabeba watu usiku na kuwashusha kaunti jirani hakupunguzi idadi yao.

Ufini ilibadilisha mpangilio wa msaada mwaka wa 2008. Hapo awali mtu alitakiwa aache ulevi na apate kazi kwanza ndipo apewe nyumba. Mpango mpya ulianza na nyumba. Mabweni ya muda ya Helsinki yaligeuzwa kuwa vyumba vya kupangisha, na mfanyakazi wa jamii akamfuata mpangaji humo. Idadi ya wasio na makao nchini humo ilikuwa zaidi ya 8,000; kufikia 2022 ilikuwa imeshuka chini ya 4,000. Ufini ni nchi tajiri, na kaunti ya Kenya haiwezi kuiga kila kitu. Lakini somo la mpangilio linafaa hata penye pesa kidogo: ni vigumu mtu kutunza kazi, dawa au sare ya shule akiwa hana mahali pa kuviweka.

Kwa yule mama wa barazani, msaada unaodumu una hatua kadhaa: mahali salama pa kulala na watoto, matibabu, vyeti na kitambulisho, kutafutiwa jamaa ikiwa yuko tayari, mtoto kuingia shuleni, na yeye kupata ufundi au mtaji mdogo wa biashara. Hatua moja ikikosekana katika bajeti, nyingine hubomoka.

Mkazi anaweza kufanya nini?

Kwanza, kuomba taarifa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuuliza, kwa mfano, kaunti ilitenga kiasi gani kwa familia za mitaani mwaka uliopita na kiasi gani kilitumika. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Asiyejua kuandika ana haki ya kuandikiwa na afisa. Asipojibiwa, anaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Pili, kupeleka ombi katika bunge la kaunti. Ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza kwa lugha ya heshima, likieleza tatizo, hatua zilizokwisha kuchukuliwa, kama jambo liko kortini, na kile hasa kinachotakiwa. Hutiwa saini au alama ya kidole gumba, kisha likapelekwa kwa karani wa bunge. Wasio na makao wanaweza kutia vidole vyao pamoja na majirani.

Tatu, kutaja mradi, mahali na kiasi. “Kaunti isaidie maskini” ni sentensi ambayo afisa wa bajeti hawezi kuitumia. “Kaunti ifungue jengo la zamani la soko liwe mahali pa kulala kwa akina mama na watoto, na itenge pesa za mlinzi, maji na taa” inaweza kuingia katika makadirio.

Nne, kumlinda mtoto. Anayeona mtoto akiwa peke yake mitaani anaweza kupiga simu ya bure 116, au kuarifu ofisi ya watoto, chifu au kituo cha polisi.

Maswali ya kujadili katika chama, baraza au shule

1. Katika wadi hii, watu wasio na makao hulala wapi, na ni nani anayewajua kwa majina?
2. Mkutano wa mwisho wa bajeti ulifanyika saa ngapi na mahali gani? Ni nani hakuweza kufika?
3. Je, familia za mitaani zimetajwa katika Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kaunti? Katika ukurasa gani, na kwa kiasi gani?
4. Ni jengo au ardhi gani ya kaunti katika wadi hii inayoweza kutumika kwa kazi hiyo?
5. Kikundi hiki kitapeleka maoni yake kwa nani, na kabla ya tarehe gani?

Majibu ya maswali hayo matano, yakiandikwa kwenye karatasi moja na kutiwa saini, tayari ni maoni kamili ya kupelekwa katika ofisi ya msimamizi wa wadi.